Fungeni Mlango, Watu Wamelala

4 Februari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Tangu niondoke hapo nimekuandikia mara moja tu, tena ile ilikuwa kadi yenye picha ya daraja na maneno "Tumefika salama". Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtu asiyeandika ama ni mgonjwa ama ana jambo analolificha. Mimi si mgonjwa, Bibi. Nimebanwa na kazi tu.

Albamu yetu ya kwanza, ile tuliyoirekodi katika chumba chako cha nyuma tukiwa tumeegemeza magodoro yako ukutani, imefika mbali kuliko sisi wenyewe. Tulidhani itasikilizwa na rafiki zetu na shangazi zao. Kumbe muziki wa roki una wapenzi wengi waliokuwa wamejificha! Tumezunguka miji ambayo niliijua kwa somo la jiografia tu, na kila tulikopiga, watu waliyajua maneno yote. Nikisahau ubeti, wananikumbusha. Binamu sasa anaombwa saini kwa sababu ya gitaa lake la besi. Anaandika kama daktari, hakuna awezaye kuisoma. Kobe, mpiga ngoma wetu, hajabadilika: bado ana haraka isiyolingana na jina lake.

Sasa kampuni imetupa nyumba nzima mjini ili tutengeneze albamu ya pili. Chumba cha kurekodia kimevishwa sponji kutoka sakafuni hadi darini, na mlango wake ni mzito kama wa benki, unajifunga wenyewe. Meneja anataka kazi iwe imekamilika ifikapo mwisho wa Aprili. Inakwenda vizuri sana.

Je, siku hizi unasikiliza redio? Kama husikilizi, usijisumbue kuanza. Vipindi vimekuwa vya ovyo.

Mumeo,
Bwana Mdogo


15 Februari

Mume wangu,

Barua yako imefika. Umefanya vema kuandika badala ya kupiga simu, kwa maana simu ni ya kutangazia misiba. Nimekusamehe, ingawa nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria kuolewa na mwingine. Fundi seremala wa hapa jirani ana meno yote na hasafiri.

Mimi ni mzima, lakini mtaa huu umeharibika. Jumanne, vijana ambao siwajui walisimama mbele ya nyumba yangu, wakaitazama kama watu waliokuja kuzuru jumba la makumbusho, kisha wakapaza sauti kwa pamoja: "Fungeni mlango!" Mlango ulikuwa umefungwa. Nilitoka kuhakikisha. Siku mbili baadaye akaja msichana, akapiga picha kitasa, akaniinamia kwa heshima na kwenda zake. Sokoni, mwuza nyanya ambaye amenijua tangu nikiwa na meno yangu mwenyewe alinikabidhi mfuko na kuniambia, "Sista, fungeni mlango." Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Nikadhani labda mlango una kasoro ambayo mimi siioni. Nikamwita fundi seremala. Akaupiga randa ubavuni, akabadilisha bawaba, akaufungua na kuufunga kama mtu anayepepea moto.

"Fundi, una kasoro gani?"

"Hauna kasoro, Sista. Mlango huu ni maarufu tu."

"Mlango unakuwaje maarufu?"

Akajifanya anatafuta msumari.

Nikaenda kwa kiongozi wa mtaa kushtaki. Naye, badala ya kuandika malalamiko yangu, aliniomba niyatamke maneno yale mara moja "kwa ajili ya kumbukumbu". Nilimjibu kwamba mimi si kasuku. Bwana Mdogo, nimeongoza wodi ya wanaume hadi nikastaafu, na wagonjwa waliniogopa kuliko sindano. Sijazoea kuchekwa. Wewe unayezunguka na vijana, niambie: kuna nini?

Jambo jingine. Albamu yenu sijaisikia. Ulisema utaniletea. Msusi anayo, mwuza nyanya anayo, na mimi niliyetoa magodoro sina.

Mkeo,
Bibi


24 Februari

Mke wangu mpendwa,

Pole kwa usumbufu. Vijana wa siku hizi hawana kazi, na huenda huo ni mchezo fulani wa kwao; utapita kama ulivyokuja. Nakusihi usimpelekee kiongozi wa mtaa mashtaka mengine, na usimwulize fundi seremala jambo lolote. Ni mtu wa porojo.

Albamu imekwisha madukani. Nakala ya kwanza nitakayoipata ni yako. Usiazime ile ya msusi. Nakala za mitaani zina mikwaruzo inayoumiza masikio, hasa ya watu wazima.

Huku hali ya hewa ni nzuri. Asubuhi kuna ubaridi kidogo, mchana jua, jioni upepo mwanana. Kazi inasonga. Wimbo mmoja unatuchukua wiki nzima siku hizi, lakini hiyo ni kwa sababu tumekuwa makini. Meneja ana mawazo mengi.

Nina swali. Wodini, mlifanyaje mlipopata mgonjwa ambaye hana homa, hana jeraha, vipimo vyote ni vizuri, na bado haamki kitandani? Nauliza tu.

Mumeo,
Bwana Mdogo


6 Machi

Bwana Mdogo,

Nimesikia.

Jumamosi nilikwenda saluni kuoshwa nywele. Kichwa changu kilikuwa ndani ya beseni na taulo lilikuwa machoni. Redio ikaanza wimbo, nami nikaitambua sauti yako. Nilijivuna kimyakimya, kwa kuwa mtu mwenye povu masikioni hajivuni kwa sauti. Mkaimba vizuri. Kisha mkafika mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza kabla ya kiitikio cha mwisho, na saluni nzima ikanyamaza pia. Mashine za kukaushia nywele zikazimwa. Nikajiuliza ni nani amefariki. Ndipo nikajisikia mimi mwenyewe, humo ndani ya redio, nikisema: "Fungeni mlango! Watu wamelala!" Na wote waliokuwamo, wateja, msusi na hata mwanamke aliyekuja kuuza vitana, wakayasema maneno hayo pamoja nami. Halafu Kobe akaangusha ngoma zake zote kwa mkupuo, na watu wakapiga vigelegele.

Naikumbuka siku ile. Nilikuwa natoka kumtazama jirani yetu aliyekuwa hoi kwa homa upande wa pili wa ukuta. Nikaukuta mlango wa nyuma wazi, na ninyi mmesimama kimya kama sanamu. Nilisema nilichosema, nikaenda kumchemshia maji. Nyinyi mkanyamaza hadi leo.

Niliondoa taulo nikawatangazia kwamba yule ni mimi. Hakuna aliyeniamini. Ili kuthibitisha, nikayatamka maneno yale. Msichana wa kiti cha pili akanitazama kwa huruma.

"Umejitahidi, Bibi," akasema. "Lakini sivyo. Inatakiwa uitoe na hasira kidogo. Jaribu tena."

Sasa nisikilize. Sina kinyongo kwa kunaswa sauti. Nina kinyongo kwa kufichwa. Mgonjwa akifichwa ugonjwa wake, mtaa mzima huujua kabla yake, na yeye hubaki akikagua bawaba. Umeniacha nikamwita fundi aje kuutibu mlango mzima! Na la pili: niliingia mapema. Mngeniambia mapema, ningesubiri nusu pumzi zaidi, na ningesema kwa sauti iliyo safi.

Nataka jibu, na lisiwe na hali ya hewa ndani yake.

Bibi yako
(Neno "mke" nimelisimamisha kwa muda.)


12 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi ni Kobe, yule uliyemchapa kijiko cha mkononi kwa kupiga ngoma juu ya masufuria yako. Naandika kwa siri. Bwana Mdogo ameisoma barua yako, na tangu hapo anaanza jibu na kulichana. Pipa la taka limejaa "Bibi yangu mpendwa".

Kosa ni langu, Bibi. Mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba bendi yetu haikati wala haiungi. Tunapiga wote kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na jinsi ilivyotoka ndivyo inavyobaki. Siku ile tulipiga vizuri kuliko tulivyowahi kupiga, na wewe ukaingia katikati. Tulirudia baadaye mlango ukiwa umefungwa, ikawa mboga isiyo na chumvi. Basi tukaiacha ile yako. Bwana Mdogo alitaka kukuambia siku hiyohiyo. Mimi na Binamu tukamwambia asubiri upoe. Kabla hujapoa, watu wakaupenda wimbo, na hapo ndipo tukaogopa kweli.

Halafu kuna jambo hakuambii. Mambo hayaendi. Meneja anataka kila wimbo wa albamu hii uwe na kimya, na ndani ya kimya awepo bibi anayefoka. Amemwajiri mama mmoja mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Ni mtu mwema, anakuja na mto wake wa kukalia na peremende za kutugawia. Anapewa ishara, anafoka: "Zimeni taa!" Wimbo unaofuata: "Funikeni sufuria!" Jana ilikuwa "Anueni nguo!" Mimi nilicheka hadi kijiti cha ngoma kikaniponyoka. Bwana Mdogo hakucheka. Siku hizi hacheki kabisa. Anaimba vizuri, hakosei hata neno, lakini akimaliza anakaa sakafuni na kuutazama ule mlango unaojifunga.

Ameniambia albamu hii ikiisha anaacha muziki. Anasema atamwomba mjomba wake amtafutie kazi ghalani.

Usimwambie nimekuandikia. Na nisamehe masufuria.

Mjukuu wako wa kujipachika,
Kobe


20 Machi

Mume wangu,

Sijapata jibu lako, nami sitalisubiri. Neno "mke" limerudishwa kazini.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Nimemwomba binti wa jirani alete simu yake, tukaingia katika chumba cha nyuma, nikasimama palepale niliposimama siku ile, nikayasema maneno yale upya. Nimeyasema kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Nimeyasema kwa upole na kwa hasira kidogo, kama nilivyoelekezwa saluni. Yale ya mwisho yalimfanya fundi seremala aje mbio na nyundo akidhani nimevamiwa; sauti yake inayosema "Yuko wapi? Yuko wapi?" ni ya kupuuzwa. Safari hii sikuingia mapema. Nilipumua kwanza.

Nimesikia kwamba yupo mwanamke anayeajiriwa kufoka kuhusu sufuria. Usiulize nimesikia kwa nani. Mpeni chai, mmshukuru, aende akapumzike. Ikiwa kinachotafutwa ni bibi wa kufoka, wewe una wa kwako, halali, na hana gharama.

Tumieni mtakavyo. Wekeni hata katika kila wimbo. Mimi kuchekwa nimeshazoea, jana vijana walipopita na kelele zao niliwajibu kupitia dirishani, "Umefungwa tangu Jumanne!" Walifurahi kama watoto waliopewa likizo.

Na wewe ulale, ule, na usikae sakafuni.

Mkeo,
Bibi


2 Aprili

Bibi yangu, mke wangu,

Nisamehe. Naanza na neno hilo kwa sababu barua zote nilizozichana zilikuwa zinalizunguka. Nilipaswa kukuambia siku ileile, ukiwa bado umeshika birika. Nilikuogopa. Halafu nikaona watu wanavyoyapenda maneno yako, nikaogopa zaidi kwamba ukijua utatuambia tuyaondoe, na mimi niliamini kwamba bila hayo hatuna kitu. Huo ndio ukweli, na hauna hali ya hewa.

(Kobe ameapa kwamba si yeye aliyekuambia habari za sufuria. Ameapa kabla hatujamwuliza.)

Flashi yako tuliisikiliza wote: sisi watatu, meneja na mama mwigizaji. Ulipomaliza, mama mwigizaji alisimama akakupigia makofi. "Huyu mwanamke amekosea njia," alisema. "Angekuja jukwaani, sisi wengine tungekuwa wauguzi." Meneja hakuweza kukaa. Alizunguka chumba akipiga viganja.

"Hiihii! Tunaiweka kila mahali!"

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Si bibi yako huyu?"

"Ndiye. Lakini hapa anaigiza."

Usichukie, mke wangu. Umesema vizuri kuliko siku ile, na hapo ndipo penye tatizo. Siku ile hukuwa unazungumza na chombo. Ulikuwa unazungumza na sisi, na kweli palikuwa na mtu amelala na homa upande wa pili wa ukuta. Katika flashi hii ninamsikia mtu anayenipenda, aliyesimama katika chumba kitupu akijaribu kuniokoa. Nilipokusikia, nikaijua sauti hiyo. Ndivyo nami ninavyoimba tangu tuhamie hapa. Kila nikisimama mbele ya maikrofoni namwigiza yule kijana wa albamu ya kwanza, na namwigiza vizuri, na hayupo.

Ni kweli nimefikiria kuacha. Ghala la mjomba linahitaji mtu wa kupokea mizigo, na mizigo haiulizi kama ya pili ni nzuri kama ya kwanza.

Meneja anasema mwisho wa mwezi huu atapeleka nyimbo kwa wakubwa wa kampuni. Tukiwa hatuna za kupeleka, mkataba wetu umekwisha. Binamu anasema tuzipeleke hizi zilizopo na kelele zote, kwa kuwa wasikilizaji hawatagundua. Kobe anaongeza mwendo tu.

Nakutumia nyimbo zote katika flashi yako, bila sauti za kufoka. Zisikilize. Uniambie kama unavyomwambia mgonjwa, si kama unavyomwambia mume.

Bwana Mdogo


14 Aprili

Mgonjwa wangu,

Nimesikiliza nikipiga pasi. Mtu akikaa kitako kusikiliza muziki wa mjukuu wake huwa mwongo. Anaanza kutikisa kichwa kwa adabu. Mikono ikiwa na kazi, masikio husema kweli.

Nilipiga pasi gauni, nikapiga mashuka, nikapiga foronya. Nyimbo zikaja na kupita, na pasi haikusimama. Zilipokwisha nguo nikapiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Hakuna ulikokosea. Hakuna ulikotoka nje ya sauti. Nyimbo zenu ni kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya ukaguzi: shuka limevutwa, pembe zimekunjwa, mto umesimama, na ni dhahiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala juu yake. Nimetandika vitanda vya namna hiyo maisha yangu yote. Mkaguzi huvipenda. Mgonjwa huviogopa.

Kisha, baada ya wimbo wa mwisho, kuna kitu ambacho hakina jina. Nadhani mlisahau kukiondoa. Unaanza kupiga gitaa polepole, unasimama, unaanza tena. Binamu anakuuliza, "Unakwenda wapi?" Nawe unamjibu, "Sijui, nifuate tu." Kobe anacheka. Halafu mnakwenda wote, kama watu wanaopapasa ukuta wakitafuta swichi ya taa, na wewe unaimba maneno ambayo nusu yake si maneno.

Hapo nilisimama. Nilisimama muda wa kutosha kuunguza kola ya blauzi yangu ya hudhurungi, ile nzuri. Ihesabuni kuwa mchango wangu kwa albamu yenu.

Uliwahi kuniuliza kuhusu mgonjwa asiye na homa ambaye haamki. Nilidhani unamzungumzia mtu mwingine. Nitakujibu sasa. Tulikuwa tunamtandua. Tunamwambia godoro linahitaji jua, tunalibeba, na yeye tunamkalisha kwenye kiti. Kiti cha wodi hakikaliki. Baada ya kunung'unika anasimama. Akishasimama anakwenda dirishani. Akishafika dirishani anauliza chakula kiko wapi. Hatukumpa dawa yoyote. Tulimnyima mahali pa kulala.

Maana yake unaijua. Uamuzi ni wako na wenzako, si wangu wala wa Binamu peke yake. Ila usije ukaniambia mnarudi kurekodi katika chumba changu. Nimekwisha kuwajua. Mtakuja mtapanga magodoro, mtaacha mlango wazi makusudi, na mtakaa mkinisubiri nipite. Sitapita.

Na kama ni ghala, nenda ghalani kwa sababu unapenda mizigo. Mtu anayelikimbia godoro lake hafiki mbali, jioni hulirudia.

Zile sauti nilizozirekodi zifuteni. Nimezisikiliza tena. Ulisema kweli, ninaigiza. Lakini yule mama mwigizaji alisema kweli pia, na nimemweleza fundi seremala.

Mkeo,
Bibi


28 Aprili

Mke wangu mpendwa,

Tumetandua.

Niliwasomea wenzangu barua yako jikoni. Kobe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Binamu alisema tumerukwa na akili, akaenda kuoga, akakaa huko hadi tukadhani amezama, akatoka na taulo kiunoni akauliza, "Sasa ile isiyo na jina inaanzia wapi? Maana mimi nilikuwa nawafuata tu." Tukajua amekubali.

Meneja tulimwambia asubuhi.

"Mmefuta nyimbo zote?"

"Zote isipokuwa moja."

"Ipi?"

"Haina jina. Nusu yake haina maneno."

"Mmekunywa nini, jamani?"

"Chai," Kobe akamjibu. "Nikumiminie?"

Akaondoka bila kuinywa. Tulidhani ndiyo mwisho. Lakini ilikuwa asubuhi, vyombo vipo, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda; basi tukapiga. Tumekihama chumba cha sponji, kwa sababu mle ndani mtu akicheka kicheko kinamfia mdomoni. Tunapiga jikoni. Ngoma za Kobe ziko kati ya jiko na kabati, na kila akipiga ile kubwa, vikombe vinaitikia. Majirani waligonga ukuta siku ya kwanza. Siku ya tatu waligonga tena, tukanyamaza. Kumbe walitaka tuurudie ule wa kabla ya chakula.

Mama mwigizaji bado anakuja, ingawa hana wa kumfokea. Anakaa kwenye mto wake na kufuma. Akisinzia, wimbo huo tunaufuta. Akiacha kufuma, tunaubakisha. Nimeanza kudhani kwamba nyinyi wanawake mna chama cha siri.

Tuna nyimbo mpya, Bibi. Hazifanani na za kwanza. Katika mmoja nimeimba sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, ya chini sana, na Binamu alinitazama kama mtu aliyemwona mgeni akitoka kabatini. Huenda watu walioipenda albamu ya kwanza wakaziona ngeni. Huenda wakasubiri kimya na mtu wa kufoka, wasimpate, wakaenda nyumbani. Nililifikiria hilo, na niligundua kwamba nalifikiria huku nikila, tena sahani ya pili.

Juzi meneja alirudi. Hakukuwa na kiti, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Tulimpigia zote. Akaomba turudie ule wa sauti ya chini, akausikiliza akitazama viatu vyake. Mwishoni akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mimi nisingewashauri," akasema. "Wakubwa walitaka bibi. Niliwaahidi bibi. Niwaambie nini?"

"Waambie bibi amekataa," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alisikiliza."

Akainuka kutoka kwenye ndoo. Kisha akaziomba nyimbo, akazitia katika mfuko wa koti, upande wa ndani, na alipokuwa anatoka nilimsikia kwenye ngazi akiuimba puani ule wa sauti ya chini. Anaimba vibaya sana, lakini ni ule.

Wakubwa wanakutana Ijumaa. Wanaweza kuzipokea, wanaweza kutuambia tufungashe virago. Binamu anasema nafasi ni nusu kwa nusu. Kobe anasema watakubali, lakini Kobe huamini pia kwamba anapiga polepole. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kwa mjomba siendi. Nimemwandikia leo kumshukuru na kumwambia ampe kazi ile mtu anayependa mizigo. Kama kampuni itatutoa, tutatoka na nyimbo zetu na masufuria mawili, na kutafuta jiko jingine.

Sasa naifunga, kwa sababu Kobe ameshaanza kupiga na ametutangulia tena. Ijumaa uamuzi ukitoka, nitakuandikia. Wakikubali, barua utaipata kwa posta. Wakikataa, nitaileta mwenyewe mkononi, na unitengee chakula, kwa kuwa tutakuwa watatu na tutakuwa na njaa.

Mumeo,
Bwana Mdogo